Deni la Kijumbe wa Upatu

Mjini Greenock, mtu akitaka kusema kwamba fulani hafai kitu, husema: huyo hawezi hata kuendesha upatu. Husemwa juu ya mameneja, husemwa juu ya makocha wa mpira, na uchaguzi ukikaribia husemwa juu ya karibu kila anayegombea. Senga Lafferty yeye aliuendesha upatu miaka ishirini na sita, na hakuna mwanamke aliyewahi kupungukiwa peni.

Kila Ijumaa, wakishakula chakula cha jioni, wanawake kumi na tano walipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, wakaingia jikoni kwa Senga na, wakiwa kumi na sita pamoja naye, wakaweka mezani pauni ishirini kila mmoja. Aliyefikiwa na zamu alizizoa zote, mia tatu na ishirini, akaenda kununua alichokuwa akikililia: majaketi ya watoto, mashine ya kufulia, tiketi ya kwenda kumwona dada Blackpool. Kijumbe alikuwa Senga, na zamu aligawa yeye. Akija mtu mpya kuomba nafasi, Senga alitega sikio asikie atauliza nini kwanza. Aliyeuliza atapokea lini, alipewa zamu ya mwisho, au alipewa chai na kuagwa. Aliyeuliza inakuwaje mmoja wao akishindwa kulipa, huyo aliandikwa palepale. Watu walisema ana jicho la tatu. Hakuwa nalo, alikuwa na masikio mawili tu yanayofanya kazi.

Alizaliwa mjini humohumo, binti wa mchomelea vyuma wa kiwanda cha meli. Alishona mashuka kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, akakaza skrubu za kompyuta katika kiwanda kingine mpaka nacho kikafungwa, akaishia jikoni kwenye shule ya msingi akigawa nyama ya kusaga na viazi kwa watoto wasiopenda nyama ya kusaga wala viazi. Aliolewa na Matt Lafferty, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mtu mwenye maneno machache na kikohozi kirefu. Halmashauri ilipoanza kuwauzia wapangaji nyumba zake, Matt na Senga walinunua yao: vyumba viwili, jiko, na dirisha la kutazama mto Clyde siku ambazo mvua imekubali kupumzika, na siku hizo ni chache. Waliilipia miaka ishirini na mitano. Malipo ya mwisho Senga aliyafanya peke yake, kwa sababu Matt alikuwa amekwishafariki miaka miwili kabla.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Senga yeye alikopea matanga yenyewe, kwa hiyo ya harusi hakuyaona kabisa. Mtu kama Matt huwezi kumzika kimyakimya. Ilibidi ukumbi wa hoteli, supu, pai ya nyama kwa watu mia na ishirini, na wiski kwa wazee wa chama ambao, kwa huzuni waliyokuwa nayo, waliinywa yote. Kadi ya benki ikabeba. Mwaka uliofuata mashine ya kupashia nyumba joto ikafa katikati ya Januari, na kadi ya pili ikabeba. Kadi ya tatu ilichukuliwa kuilipa ya kwanza. Ukafuata mkopo wa kuzilipa kadi. Mpaka Novemba ninayoisimulia, deni lilikuwa elfu kumi na nne na mia tatu, na mshahara wa jikoni ulikuwa uleule.

Hakumwambia mtu. Mwanawe Kieran alikuwa Australia, na kila Jumapili Senga alimwambia kwenye simu kwamba kila kitu ni shwari. Alipaka rangi nywele zake, alifua mapazia, alifungua mlango akitabasamu. Wako watu wa namna hiyo, watakaokufa na tai shingoni kuliko kumwomba jirani sukari. Lakini mzunguko mpya wa upatu ulipoanza Oktoba, Senga alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini na sita: zamu ya kwanza alijipa mwenyewe. Hakuna aliyeuliza. Nani angemuuliza Senga? Alizipokea zile mia tatu na ishirini, akampelekea mtu wa mkopo, na kila Ijumaa akawa anatafuta pauni ishirini za kurudisha kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

Jumapili moja aliona tangazo kwenye simu: mpango wa serikali wa kufuta madeni, jaza jina hapa. Alijaza. Chai yake haijapoa, simu ikaita.

Alikuwa kijana anaitwa Ross. Sauti yake ilikuwa ya huko huko, ya mtu aliyelelewa kwa mvua ileile, naye alimwita Senga tangu neno la kwanza kana kwamba walikuwa wakikopeshana sukari. Alimsikiliza. Alimwachia alie kidogo. Kisha wakaanza kuzungumza habari za mji, na Senga akajikuta ametaja shule aliyosoma.

Pwani ile, habari ya shule si habari ya alama za hesabu. Mtu akijua shule yako anajua unasali wapi, unashangilia timu gani, na kama akufungulie moyo au mlango tu. Senga alisoma kwa masista wa Kikatoliki, kule juu mlimani. Ross akacheka kwa furaha.

"Acha utani, Senga," akasema. "Hata mimi ni wa kwa masista."

Basi. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na hilo lilikuwa tamu kuliko yote. Baada ya hapo Ross angeweza kumwambia mto Clyde unapanda mlima. Alimweleza kwamba atatia saini hati moja, msimamizi mwenye leseni atayachukua madeni yote mikononi mwake, yeye atalipa pauni mia na hamsini kwa mwezi kwa miaka minne, na kitakachobaki kitasamehewa. Senga aliuliza juu ya nyumba. Ross akasema asiwe na wasiwasi na nyumba. Senga akaulizia, kwa sauti ya chini, deni dogo la marafiki, pauni mia mbili. Ross akasema za marafiki wasiziingize humo, awalipe polepole mwenyewe, nani ana haja ya kujua? Senga aliposikia hivyo alihisi kama ametua gunia.

Angetia saini siku hiyohiyo kwa kidole chake juu ya simu, isingekuwa Matt. Matt alikuwa na sheria moja aliyoitoa kiwandani: karatasi ya mwajiri lazima ilale, na kabla haijaamka umsikilize na mtu wa upande wa pili. Senga akaomba mpaka Jumatano. Ross alikubali, ingawa sauti yake ilipungua sukari kidogo.

Mtu wa upande wa pili alikuwa Campbell Orr, mshauri wa madeni wa halmashauri, aliyekaa Jumatatu na Alhamisi katika chumba cha nyuma cha maktaba. Huduma yake ilikuwa ya bure, na labda ndiyo sababu watu hawakuithamini. Senga alipoingia aliona mezani kikombe chenye picha ya bendi ya filimbi, zile za Waprotestanti zinazoandamana Julai, hivyo hakuwa na haja ya kuuliza Bwana Orr amesoma wapi. Akakaa kwenye ncha ya kiti.

Bwana Orr hakumwita Senga. Alimwita Bi. Lafferty mwanzo hadi mwisho. Alitaka hati za mishahara za miezi mitatu na karatasi za benki, na kwa bahati Senga alikuwa nazo zote kwenye mfuko. Aliuliza anatumia kiasi gani kwa umeme, kwa bingo, kwa nywele. Kwenye nywele Senga alidanganya, na Bwana Orr akaandika bila kuinua macho. Halafu akaeleza. Njia anayoiuza yule kijana ipo kisheria, akasema, na wako watu imewaokoa, hasa wasio na nyumba. Lakini mtu mwenye nyumba iliyokwisha kulipiwa, nyumba ile ndiyo kitu cha kwanza msimamizi anachokitazama, kwa kuwa ni wajibu wake kuitazama. Ipo njia nyingine: riba inasimama, nyumba haiguswi, ila deni linalipwa lote mpaka senti ya mwisho. Kwa mshahara wa Senga, miaka minane.

"Minane," Senga akasema. "Nitakuwa na sabini."

"Sitini na tisa, Bi. Lafferty."

Senga alikumbuka kazi yake ya Ijumaa, akauliza lile swali alilopenda kuulizwa: mwezi mmoja akishindwa kulipa, inakuwaje? Bwana Orr alivua miwani, akazungumza karibu dakika ishirini. Akiugua afanye nini. Akipoteza kazi aombe mapumziko kwa nani. Akiacha kulipa bila kusema, mpango utavunjwa na riba itarudi na hasira zake. Alieleza ubaya wote, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayemwonyesha mpangaji sehemu paa linapovuja. Senga akauliza pia ni nani anayemlipa yeye Bwana Orr.

"Halmashauri," akasema. "Ukijiandikisha usijiandikishe, mshahara wangu ni uleule, nao si wa kukupa wivu. Muulize na yule mwenzangu. Na kama anasema nyumba haiguswi, mwambie akuandikie. Akiandika, nenda kwake kwa amani."

Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Ndipo Bwana Orr akauliza kama kuna watu binafsi wanaomdai, ndugu au majirani, na Senga akasema hapana.

Bwana Orr aliweka kalamu chini. "Watu wananidanganya hapa kila wiki, wala sikasiriki," akasema. "Lakini mpango huu lazima uwe na wadai wote. Ukimficha mmoja, siku atakapojitokeza mpango wote utatiliwa shaka, na wa kuulizwa ni wewe."

Ikamtoka. Pauni mia mbili, kwa wanawake kumi ambao zamu zao hazijafika, ishirini ishirini. Bwana Orr akaandika, akauliza majina yao. Senga akataka kujua majina ya nini.

"Kila mdai anaandikiwa barua. Anapewa wiki tatu za kukataa. Asipojibu, sheria inahesabu amekubali."

"Unataka kuwaandikia Ina Struthers na Netta Auld kwamba Senga Lafferty amefilisika?"

"Nataka kuwaandikia kwamba Senga Lafferty anakusudia kuwalipa."

Senga alichukua mfuko wake, akamshukuru kwa adabu baridi, akatoka. Alipanda mlima kwa miguu akiwa amekasirika mpaka masikio yakamchoma, na njia nzima alikuwa akimpa Bwana Orr majibu mazuri ambayo kwa bahati mbaya yalikuja baada ya chumba kufungwa. Upande mmoja miaka minane na barua kumi katika ngazi zake mwenyewe. Upande wa pili miaka minne, na kijana wa kwa masista, na hakuna atakayejua. Usiulize alichagua nini. Mwanamke aliyewapima watu kwa swali moja miaka ishirini na sita, safari hii alipata jibu zuri na akalikataa kwa sababu aliyelitoa alikuwa na kikombe kibaya. Aliona aibu, na aibu ni mshauri mbaya kuliko Ross na Orr wote kwa pamoja.

Jumanne jioni Netta Auld alibisha. Netta alikaa mlango wa pili, palepale kwenye ngazi, mjane kama Senga, nyumba yake nayo ya kununua kama ya Senga. Walikuwa majirani miaka ishirini na tisa. Netta alisali kanisa lile jingine na kushangilia timu ile nyingine, na urafiki wao ulistawi kwa kutukanana juu ya hayo mawili. Siku hiyo alileta mikate miwili ya soseji, akasema hatakwenda tena bingo Jumatano, amejipunguzia mambo. Senga akamtania kwamba labda amepata mchumba bahili. Netta akacheka, akatazama kikombe chake, akasema hapana, amepata kijana wa kumwekea mambo yake sawa. Kulikuwa na vijideni. Si vijideni vidogo sana.

"Kijana mwenyewe mzuri, shoga," akasema. "Anaitwa Ross. Na ni wetu, si wenu. Amesoma shule yetu, kule pwani."

Senga alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini.

"Netta, nani alitaja shule kwanza? Wewe au yeye?"

Netta alifikiri. Unaweza kumwona mtu anaporudi nyuma katika mazungumzo, anapita neno kwa neno, mpaka anafika mahali asipopapenda.

"Mimi," akasema.

Basi wakaambiana. Netta alikuwa anadaiwa elfu kumi na moja. Senga akataja zake. Waliyatamka kwa sauti ya chini ingawa mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Tofauti ilikuwa moja tu. Netta hakuwa na mume aliyemwambia karatasi ilale. Alikuwa ametia saini, kwa kidole, juu ya simu, wiki tatu zilizopita, na karatasi za msimamizi zilikuwa zimekwishaletwa kwa posta katika bahasha nene ambayo hakuisoma. Senga aliuliza kama mahali popote imeandikwa kwamba nyumba haiguswi. Netta akasema Ross alimwambia asiwe na wasiwasi.

Ross alipiga Jumatano asubuhi kama alivyoahidi, mwaminifu katika hilo. Senga alikuwa na jambo moja tu. Alimwomba amwandikie kwenye karatasi kwamba nyumba yake haitaguswa. Ross akasema mfumo wao hauna nafasi ya barua kama hizo. Senga akasema hata mistari miwili itatosha, kwa mkono, mtoto wa kwa masista lazima anajua kuandika. Ross akasema atampigia tena baada ya nusu saa. Sijui saa zao zina dakika ngapi, maana mpaka leo nusu saa hiyo haijaisha.

Alhamisi Senga na Netta walishuka mlima pamoja chini ya mwavuli mmoja mpaka maktaba. Bwana Orr alimwona Senga, hakuonyesha kushangaa wala kushinda, akavuta kiti cha pili. Mambo ya Senga yalikwisha upesi. Majina kumi yakaandikwa, na safari hii alisema kweli juu ya nywele. Barua zitatoka wiki ijayo, Bwana Orr akasema, na akipenda anaweza kuwaambia mwenyewe mapema, au anaweza kukaa kimya na kuiacha sheria ihesabu siku. Wengi hukaa kimya.

Kisha akaifungua bahasha ya Netta. Aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, na Netta alimtazama usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari aliyeshika picha ya mapafu. Msimamizi aliyetajwa humo alikuwa na leseni kweli. Hati ilikuwa halali na imekwishaandikishwa. Ross hakuwa hata mtu wa kushtakiwa. Kazi yake ilikuwa kukusanya majina na kuwauzia wasimamizi, kila kichwa na bei yake, na kwenye hati hakutajwa popote. Na nyumba ilikuwa ndani ya hati. Thamani yake itahesabiwa. Ama Netta atalipa miaka zaidi kuikomboa, ama atapata mtu wa kumsaidia, ama itauzwa.

"Naweza kujitoa?" Netta akauliza.

"Kwa kutaka tu, hapana. Nitamwandikia msimamizi leo, nimwombe akuongezee miaka ya kulipa badala ya kuuza. Wengine hukubali. Siwezi kukuahidi, Bi. Auld."

Netta akamshukuru. Walipotoka mvua ilikuwa imezidi, wakasimama chini ya kibaraza cha maktaba wakingoja ipungue, jambo ambalo mtu wa Greenock halifanyi ila akiwa hana nguvu za kwenda. Senga alikuwa na neno limemkaa kooni tangu Jumanne.

"Mlango kwa mlango, Netta. Kwa nini hukuniambia?"

Netta alimgeukia akiwa ameshangaa kwa dhati.

"Nikwambie wewe?" akasema. "Wewe Senga? Miaka ishirini na sita hujakosa peni. Ningemwambia yeyote yule kwenye ngazi zile, lakini si wewe."

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana lilimwingia Senga mpaka kwenye mifupa. Jina lile zuri, alilokuwa akilifulia mapazia na kulipakia rangi, alilokuwa tayari kuuza nyumba ili asilipoteze, ndilo lililokuwa limesimama mlangoni kwake kama mlinzi, likamrudisha rafiki yake nyuma na siri yake mkononi. Alilia palepale kibarazani, na Netta, aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kulia, akampa leso.

Ijumaa wanawake walipanda kama kawaida. Walitikisa miavuli yao kwenye ngazi, wakalalamikia mvua, wakaweka ishirini zao mezani. Ina Struthers wa ghorofa ya chini, mwanamke aliyehesabu noti za wenzake mara mbili na zake mara tatu, alikaa karibu na dirisha kama siku zote. Zamu ilikuwa ya Ina. Senga alimkabidhi pesa zake, akamwacha ahesabu mpaka akaridhika. Daftari lilikuwa limefungwa. Angeweza kuwaaga hapo. Barua zingekuja, wiki tatu zingepita, na hakuna mmoja wao angemtamkia neno, kwa kuwa wanawake wale wana adabu ya kutoiona shida ya mwenzao. Lakini Netta alikuwa amekaa pale kwenye kiti kilicho karibu na jiko, naye Senga alijua wiki ijayo kutakuwa na mwanamke mwingine ameketi vilevile na bahasha ambayo hakuisoma.

"Ngojeni kidogo," akasema. "Wiki ijayo wengi wenu mtaletewa barua, na nataka mlisikie kwangu kwanza. Nadaiwa elfu kumi na nne na mia tatu. Na zamu ya kwanza nilijipa mimi kwa sababu hiyo."

Alisema yote. Aliwaambia habari za Ross na shule zake mbili, akawaambia habari za Bwana Orr na maswali yake, na kwamba kila mmoja atalipwa ishirini yake hata kama ni kwa vipande. Akawaambia wamchague kijumbe mwingine kama wanataka, hatakasirika. Netta akaongeza yake, kwa kifupi. Wanawake walitazama meza. Senga alifikiri: basi, imekwisha.

Ina Struthers alikuwa bado ameshika noti zake. Alizikunja, akazikunjua.

"Elfu tisa na mia nne," akasema Ina. "Mume wangu hajui."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja kijana aliyekaa karibu na mlango akasema elfu sita. Mwingine akasema hana hakika, ameacha kufungua bahasha tangu Pasaka. Wengine wawili wakasema ya kwao kwa sauti iliyokuwa ngumu kusikika, ikabidi warudie. Walikuwa kumi na sita, na saba walikuwa wanadaiwa. Walikuwa wameketi jikoni humo Ijumaa baada ya Ijumaa, wakinywa chai ileile, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Netta aliwasikiliza mpaka wa saba. Alikuwa ametulia, mikono juu ya mapaja.

"Wiki nne," akasema. "Mngesema wiki nne tu nyuma, kabla sijaweka kidole."